Deni Ni Lako, Lakini Namba za Watu Hazikuwekwa Rehani

Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliingia ofisini kwetu, akaiweka simu mezani kifudifudi kama mtu asiyetaka kuiona. Alikuwa amekopa shilingi laki moja na nusu kwenye programu ya mikopo ya simu. Zilizomfikia zilikuwa pungufu, nyingine zilikatwa palepale kwa jina la ada. Siku saba zilipopita hajalipa, ujumbe ukaanza kutembea. Ulikwenda kwa mama mkwe wake Tanga, kwa mwalimu wa mwanawe, kwa mwenzake wa kikoba na kwa mwenye nyumba wake Mbagala. Ulikuwa na picha yake, jina lake kamili, na maneno "huyu ni tapeli, mwambieni alipe". Mwenye nyumba ndiye aliyemwonyesha, wapangaji wenzake wakiwa wamesimama na ndoo zao bombani.

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, kweli nadaiwa." Wengi huanza hivyo, kana kwamba deni limewaondolea haki ya kulalamika. Deni halijakuondolea chochote. Mkopeshaji ana njia zake: akukumbushe, akuandikie, akupeleke mahakamani. Kukutangaza kwa watu hakumo.

Namna wanavyozipata namba ni rahisi, na inasikitisha. Unapoweka programu, inakuuliza kama unairuhusu isome majina yaliyomo kwenye simu. Mtu mwenye shida ya ada ya shule au mgonjwa Muhimbili hasomi, anabonyeza "Ruhusu". Dakika hiyo orodha yote inanakiliwa. Ndiyo maana kuifuta programu baadaye hakusaidii sana: namba zimeshakwenda. Hata hivyo ingia kwenye mipangilio ya simu, uzime ruhusa ya majina, picha na ujumbe kabla hujaifuta, wasiendelee kuchota.

Sasa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana na zisitumike kwa jambo jingine. Namba ya mwalimu wa mtoto haihusiani kabisa na kupima kama mama yule anaweza kulipa. Tena mwalimu hakuulizwa, na mama yule hakuwa na mamlaka ya kuitoa namba ya mwalimu kwa niaba yake. Hapo ndipo watu wengi hawafiki: waliotumiwa ule ujumbe nao wameingiliwa, na wanaweza kulalamika kwa majina yao wenyewe. Mlalamikaji mmoja huonekana mdaiwa anayekwepa. Wakija wanne wasiodaiwa hata senti, picha inabadilika.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Makao yake ni Dodoma, ila ina mfumo wa kupokea malalamiko kwa njia ya mtandao, kwa hiyo nauli isikukwamishe. Kwanza mwandikie mkopeshaji umtake aache kuzitumia namba hizo na azifute, ukae na nakala. Mkopeshaji pia lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Ukikuta wako hana leseni, peleka taarifa huko pia.

Mambo yakifika kwenye matusi na vitisho, au picha yako kuunganishwa na picha chafu, nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ufungue jalada na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako hapo polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Nakuomba sana usijibu tusi kwa tusi. Sheria hiyohiyo inaweza kukugeukia, na nimeona kesi nzuri ikiharibika kwa sentensi mbili zilizoandikwa saa sita usiku.

Kinachoziangusha zaidi kesi hizi ni ushahidi. Aibu humfanya mtu afute. Yule mama alikuwa amefuta kila kitu kwenye simu yake, na ndugu walimtumia ujumbe ule kwa kuusambaza upya WhatsApp. Ujumbe uliosambazwa hauonyeshi namba iliyoutuma mara ya kwanza. Unaonekana umetoka kwa shemeji yako. Mwombe aliyeupokea asiufute, apige picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, na simu yenyewe aitunze. Simu za vitisho ziandike kwenye daftari: siku, saa, namba, na maneno yalivyosemwa.

Alirudi baada ya siku tatu. Safari hii alikuja na mwenye nyumba, simu mkononi, ujumbe wa kwanza ukiwa bado umo, na namba iliyoutuma. Mzee alivuta kiti, akauliza na yeye anaandika wapi jina lake.