Jina la njia liandikwe kama wenyeji wanavyolitaja

Pale Ngamiani, hapa Tanga, mwulize fundi baiskeli pa kupita. Atakwambia, "Shika Barabara ya 12, ukifika msikitini kata kushoto." Namba hiyo kwake ni jina kamili. Watu wanazaliwa Barabara ya 12, wanaoa na kuolewa huko. Kwa hiyo kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo tangu 2004 inachorwa na watu wa kujitolea, andika "Barabara ya 12" kwenye nafasi ya jina. Namba ambazo serikali inazipa barabara kuu zina nafasi yake nyingine. Tusizichanganye.

Nalisisitiza hili kwa sababu Tanga ni mji wa baiskeli, na vijana wetu wengi wameanza kuchora njia wanazopita. Juzi nilikuta mstari unaoelekea Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini mwa mji, umepewa jina hili: "Njia nzuri ya baiskeli kwenda Amboni ina mchanga tahadhari mvua". Aliyeandika alikuwa na nia njema, na kila alichosema kina faida kwa mpita njia. Lakini simu inayoongoza kwa sauti itaisoma sentensi nzima, wakati mwendeshaji anangoja kuambiwa kulia au kushoto. Mchanga una nafasi yake, ile ya aina ya uso wa njia. Tahadhari iende kwenye maelezo. Mwanzo na mwisho wa safari navyo vina nafasi zake mbili.

Kama njia haina jina, acha patupu. Wachoraji wapya wanaliogopa pengo hilo, wanabuni kitu cha kulijaza, na jina la kubuni likishaingia, programu nyingine zinalichukua. Mwaka mmoja baadaye mgeni anashuka Kiomoni, kijiji cha jirani na mapango hayo, akiulizia njia ambayo hakuna mwenyeji aliyewahi kuisikia.

Kuna kosa jingine, na hili linaharibu kazi ya watu. Njia ndefu ya baiskeli au ya miguu hupita juu ya mitaa mingi yenye majina yake. Usifute jina la mtaa ili uweke la njia yako. Vikusanye vipande vyote vya njia yako kwenye kundi moja (kwenye OpenStreetMap huitwa "relation"), kisha kundi ndilo ulipe jina. Kundi hilo hupewa pia alama ya ngazi, ambayo ni kifupisho cha Kiingereza: kwa baiskeli, lcn ni ya eneo dogo, rcn ya mkoa, ncn ya taifa, kwa miguu ni lwn, rwn na nwn.

Na pale wazee wanapoita njia hivi, vijana vile? Soma kwanza kibao kama kipo. Kama hakipo, kaa kibarazani uulize watu watatu au wanne, kisha jina linalotajwa zaidi liweke mbele na la pili kwenye nafasi ya jina mbadala. Jina la wazee lisipotee, maana anayelitafuta kwa simu atafikishwa palepale.