Mbwa wa Dalmatian na Mawe ya Mkojo: Maswali na Majibu

Kwa nini Dalmatian wanasumbuliwa sana na mawe?

Ni kasoro ya jeni moja. Chakula kikishasagwa, mwili wa mbwa hubaki na asidi ya yuriki. Kwa mbwa wengi, ini huigeuza kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kutoka na mkojo. Ini la Dalmatian lingeweza kazi hiyo, ila njia ya kuiingiza asidi ndani ya seli ni mbovu. Figo nazo haziirudishi kwenye damu. Yote humwagikia kwenye mkojo, hujikusanya kama mchanga, na kwa baadhi yao huwa mawe.

Nikichagua mtoto wa wazazi wasiowahi kuugua, nitaepuka tatizo hili?

Hapana. Dalmatian wote wa uzao safi wamerithi nakala mbili za kasoro hii, hata wale wasiowahi kuugua. Dawa ilitoka nje ya uzao: mwaka 1973, Robert Schaible wa Marekani alimpandisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa uzao mwingine, kisha vizazi vilivyofuata vikapandishwa na Dalmatian tena na tena. Walipatikana mbwa wenye madoa yaleyale na mkojo wa kawaida. American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa wa uzao safi, kiliwakubali mwaka 2011. Miaka 38! Naamini usafi wa damu haukustahili kuthaminiwa kuliko mbwa wenyewe. Ukipata mtoto wa ukoo huo aliyethibitishwa kwa kipimo cha jeni, mchukue huyo.

Dalili gani ni za hatari?

Kukojoa mara kwa mara matone matone, au mkojo wenye damu, kunahitaji daktari wa mifugo mapema. Dume anayejikamua bila kutoa kitu apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mrija wake ni mwembamba na hupita kwenye mfupa wa uume, ndipo jiwe linaponasa. Kibofu kinaweza kupasuka.

Nimlisheje?

Maji kwanza, mengi, na chakula kilicholoweshwa. Mtoe nje akojoe mara nyingi. Maini, figo na samaki wadogo wa mafuta usimpe, kwani huongeza asidi ya yuriki. Mayai hayana shida. Alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, ni ya kuandikiwa na daktari tu, kwa sababu bila mlo unaofaa huleta mawe ya aina nyingine.

Na uziwi?

Huo ni urithi mwingine, unaoendana na weupe wa manyoya: sikio la ndani hukosa seli za rangi. Watoto hupimwa wakiwa na wiki 5 au 6, kila sikio peke yake, kwa sababu mwenye sikio moja zima huonekana anasikia vizuri tu.