Je, wajua kwa nini Wayoruba humwita mtoto mchanga "Baba Amerudi"?

Mtoto wa kiume wa Kiyoruba akizaliwa muda mfupi baada ya babu yake kufariki, mara nyingi hupewa jina la Babatunde, ambalo maana yake ni "baba amerudi". Wa kike aliyezaliwa baada ya kifo cha bibi huitwa Yetunde au Iyabo, yaani mama amerudi. Majina hayo yameenea kusini-magharibi mwa Nigeria bila kujali dini. Babatunde Fashola, aliyekuwa gavana wa Lagos kuanzia 2007 hadi 2015, ni Mwislamu. Sisi pia humpa mjukuu jina la babu akawa somo wake, lakini somo huchukua jina tu, ilhali Babatunde, kwa imani ya kale, ni mzee mwenyewe kwa namna fulani. Kama ni hivyo, tabia ya mtoto huyo ni ya nani?

Jibu la Wayoruba linaanzia mbali, kwa sababu kwao nafsi ya mtu si kitu kimoja. Mwili hufinyangwa na Obatala, mmoja wa miungu yao, kisha Olodumare, Mungu Mkuu, huutia emi, pumzi ya uhai. Baada ya hapo mtu hutafuta ori. Katika maneno ya kila siku ori ni kichwa, lakini hapa ni kichwa cha ndani kisichoonekana, kilichobeba majaaliwa yake yote. Mzee aliyerudi huonekana katika sura ya mtoto, mwendo wake, pengine ukaidi wake. Ori, hata hivyo, kila anayekuja duniani hujichagulia.

Namna ya kuichagua inasimuliwa katika tungo za Ifa, hazina ya maarifa inayohifadhiwa vichwani na wapiga ramli waitwao babalawo. Vichwa hufinyangwa na Ajala, fundi hodari lakini mwenye madeni, na si vyote huiva vizuri tanuruni. Marafiki watatu walikwenda kwake. Wawili waliingia ghalani kwa pupa, wakachukua vichwa vikubwa vya kupendeza, na mvua ilipowanyeshea njiani vikamomonyoka, hivyo wakafika duniani na bahati iliyolika. Wa tatu, Afuwape mwana wa Orunmila, mungu wa hekima na ramli, alimkuta Ajala amejificha juu darini akimkwepa mdai wake. Akamlipia deni. Kwa shukrani Ajala akashika fimbo ya chuma na kuvigonga vichwa kimoja baada ya kingine, mpaka wakapata kisichopasuka.

Mimi huvutiwa zaidi na lile deni kuliko tanuru, kwani linaonyesha kwamba hata kabla ya kuzaliwa, utu wa Afuwape ulikuwa tayari unafanya kazi. Wala ori haitoshi peke yake: tungo hizo hizo hutaja ese, miguu, yaani juhudi, ambayo bila yake kichwa kizuri hakifiki popote.

Kuna fumbo jingine. Wajukuu kadhaa wanaweza kuitwa Yetunde kwa ajili ya bibi mmoja, na bibi huyo huyo akaendelea kuombwa na kupewa sadaka huko ahera. Mwanateolojia Bolaji Idowu alilitazama jambo hili akaona kwamba huko si kuzaliwa upya kikamilifu, kwa kuwa marehemu habanduki alipo. Kinachojirudia ni hulka zake katika ukoo.

Anayerudi mzimamzima ni abiku, mtoto anayeaminika kufa na kuzaliwa tena na tena kwa mama yule yule. Zamani maiti yake ilitiwa alama ya kisu ili atambulike akirejea, na aliyefuata alibembelezwa kwa jina: Malomo, usiende tena, Durojaiye, kaa uionje dunia, Banjoko, keti nami. Leo vifo vingi vya namna hiyo huhusishwa na selimundu, ambayo wazazi wawili wenye vinasaba vyake huweza kuirithisha kwa uwezekano wa moja kwa nne katika kila mimba. Kipimo cha damu kimechukua nafasi ya kisu, lakini majina yamebaki, mengine sasa yakiwa majina ya ukoo yanayobebwa na watu wazima wenye afya zao.