Pori letu linageuka jekundu mbele mvula ifike

Kila mwaka mwezi wa tisa ukianza simu yangu inalia, bantu banataka jakaranda. Banapita mu avenyu za katikati ya Lubumbashi, banaona zambarau juu ya mti na zambarau ingine imeanguka chini mu vumbi, basi banataka ileile mu parsele yabo. Sikatai, naipenda sana, miche yake njo kazi yangu mu pepinieri. Lakini jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, na wakati ule ule miombo yetu, miti ya pori la huku, iko inabadilisha rangi pale tu nyuma ya mji, na bantu kidogo sana njo banaenda kuiangalia.

Kamata barabara ya Likasi mwisho wa mwezi wa nane ao mu mwezi wa tisa, asubuhi, jua likiwa bado chini. Miti inatoa majani mapya na haitoi kijani. Muputu mmoja, aina ya mti wa miombo, utakuwa mwekundu wa divai, jirani yake rangi ya shaba, mwingine karibu pinki, na yote ni muputu. Shika jani moja changa: laini kama sikio la mtoto mchanga, linaning'inia chini kama limechoka, ukiliweka mbele ya jua unahesabu mishipa yote. Rudi kisha wiki chache, kijani tupu.

Kwangu hii ni kitu kikubwa sana, juu mvula imekatika tangu mwezi wa nne, majani makavu yamejaa chini, na mti unachipua! Mizizi yake inaenda chini sana, kule maji yamebaki, njo maana hauongoji. Mvula ya mwezi wa kumi na moja ikifika majani yako tayari. Ule wekundu ni antosianini, aina ya rangi unayoona mu kitunguu chekundu, inasaidia kukinga jani na jua kali wakati klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, bado kidogo.

Mu bustani, rangi ya kipwa, wakati mvula haiko, naipata na poinsetia, mti wenye majani ya juu yanageuka mekundu. Wengi banaongoja iwe nyekundu Noeli kama kule Ulaya, banakasirika. Poinsetia inahesabu usiku: usiku ukiwa mrefu njo inageuza rangi, na huku kwetu usiku mrefu ni mwezi wa sita. Mama mmoja aliniita, "Fundi, mti wangu uko na ugonjwa, upande mmoja mwekundu, upande mwingine kijani." Nilizunguka mchana sikuona kitu, nikarudi jioni: taa ya ukutani ilikuwa inawaka usiku kucha juu ya ule upande wa kijani. Nikamwambia, "Mama, tuhamishe taa," na mwaka uliofuata mti ukawa mwekundu wote. Na kukata matawi, fanya mwezi wa nane ao wa tisa kisha rangi kuisha, usikate mwezi wa tatu, utakuwa unakata ile rangi yenyewe.

Bugenvilea sina mengi, punguza maji tu, ukiinywesha kila siku itakupa majani.

Sasa kitu kinaniumiza: mu parsele mpya za kando ya mji muputu ao mutondo, mti mwingine wa miombo, wa zamani unakuwa umebaki, na kazi ya kwanza ya mwenye parsele ni kuutoa, unaenda mu makala. Kuotesha mwingine ni kazi ndefu, mche wake unatuma nguvu chini mu mzizi kwanza, miaka inapita shina bado fupi. Lakini kisiki kina mizizi tayari, kinachipua haraka. Kama umekata, tafazali usichimbe, acha chipukizi mbili zenye nguvu, ingine toa. Mteja wangu mmoja alikubali kunisikiliza, kisiki kilikuwa karibu na geti, alitaka kumwaga beto pale. Nimepita juzi: chipukizi zinafika kwenye goti, nyekundu kabisa, na batoto ba pale bameziwekea mawe kuzunguka ili gari isizikanyage.