Akaunti ya kustaafu ya marehemu Marekani: yanayosemwa na watu, na sheria ya kodi inavyosema

Mtu wetu akifariki Marekani, kinachotangulia ni kikao cha mazishi: mchango, tiketi, mwili unazikwa huku au unasafirishwa nyumbani. Akiba yake ya uzeeni, ile 401(k) ya kazini au IRA aliyoifungua mwenyewe, huja kutajwa baadaye, na hapo kila mjuaji ana lake.

“Urithi Marekani hauna kodi”

Kauli hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kodi ya mirathi ya serikali kuu haimgusi mkazi wa kawaida: kwa waliofariki mwaka 2025 ilianzia kwenye mali inayozidi dola milioni 13.99, na kwa mwaka 2026 ni milioni 15. Kodi ya mapato ni habari nyingine. Marehemu alipokuwa akikatwa mchango wa 401(k) ya kawaida, fedha zile hazikutozwa kodi ya mapato. Serikali ilikubali kungoja hadi siku ya kuzitoa. Akifa kabla hajazitoa, mzigo unamwangukia mrithi. Kila dola atakayoitoa inajumlishwa na mshahara wake wa mwaka huo. Mwanzoni mwa mwaka unaofuata atapokea fomu 1099-R yenye namba 4 katika kisanduku cha 7, kuonyesha kwamba malipo yametokana na kifo. Nakala nyingine IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanayo.

Wengi hupotoshwa na mfano wa nyumba. Nyumba ya marehemu huhesabiwa kwa thamani ya siku aliyofariki, kwa hiyo faida iliyopatikana akiwa hai haitozwi mrithi anapouza. Akaunti ya kustaafu haina nafuu hiyo.

“Zitoe zote haraka kabla serikali haijazishika”

Huu ndio ushauri wa gharama kubwa kuliko yote. Tuchukue binti asiye na mume wala watoto, msaidizi wa wauguzi mwenye mshahara wa dola 50,000 kwa mwaka, amerithi IRA ya mama yake yenye dola 200,000. Nakokotoa kodi ya serikali kuu peke yake, kwa viwango vya 2025 na punguzo la kawaida (sehemu ya mapato isiyotozwa kodi) la dola 15,750. Bila urithi, kodi yake ni kama dola 3,870. Akizitoa zote ndani ya mwaka mmoja, inaruka hadi karibu 52,020, maana sehemu ya fedha hizo imeingia kwenye ngazi ya asilimia 32. Yaani urithi umemgharimu dola 48,150. Akitoa 20,000 kila mwaka kwa miaka 10, nyongeza ni kama 2,980 kwa mwaka, jumla 29,800 hivi, tukichukulia viwango havibadiliki na tukiacha kando faida ambayo akaunti itaendelea kuzaa. Tofauti inapita dola 18,000. Aliyemwambia “zitoe” hatamchangia hata senti.

Jimbo nalo lina lake: Texas haitozi mshahara wala pensheni kodi ya mapato, Minnesota inatoza.

Na mrithi asiombe hundi. Mke au mume wa marehemu ana siku 60 za kuzirudisha fedha kwenye akaunti ya kustaafu. Mtoto, ndugu au mpwa hana nafasi hiyo. Hundi ikishalipwa kwake, zote zinakuwa mapato ya mwaka huo. Njia salama ni kufungua IRA ya urithi, ambayo hubeba jina la marehemu pamoja na la mrithi, kisha taasisi moja ihamishe fedha kwa nyingine moja kwa moja. Yale makato yanayofanyika wakati wa kutoa, kwa kawaida asilimia 10 kwa IRA na 20 kwa 401(k), ni malipo ya awali tu. Hesabu kamili inakuja wakati wa kujaza ritani ya kodi ya mwaka.

“Nina miaka 10 ya kuzitoa, sina haraka”

Kwa vifo vya kuanzia 2020, warithi wengi wasio mke au mume wanatakiwa kuimaliza akaunti ndani ya miaka 10. Marehemu wa Machi 2024, mwisho ni Desemba 31, 2034. Watoto wadogo wa marehemu, walemavu, wagonjwa wa kudumu na wale ambao marehemu hakuwazidi umri kwa zaidi ya miaka 10 wana taratibu zao.

Kinachosahaulika ni hiki: kama marehemu alikwishafikia umri wa kulazimika kutoa, ambao sasa ni miaka 73, mrithi naye lazima atoe kiasi fulani kila mwaka ndani ya miaka hiyo 10. Kanuni hii ilizua ubishi, na IRS walisamehe faini kwa miaka ya 2021 hadi 2024. Tangu 2025 msamaha haupo. Faini ni asilimia 25 ya kiasi ambacho hukukitoa, ikishuka hadi 10 ukirekebisha mapema. Kama mzee alifariki kabla hajatoa kiasi cha mwaka ule, nacho ni juu ya mrithi.

“Ukizitoa ukiwa chini ya miaka 59 na nusu utapigwa faini ya asilimia 10”

Mrithi hapigwi, hata akiwa na miaka 25. Wa kuwa macho ni mjane kijana. Akizihamishia kwenye akaunti yake mwenyewe kisha akazihitaji akiwa na miaka 45, faini inarudi. Akiziacha kwenye akaunti ya urithi, haimpati.

“Roth haina masharti”

Roth ni akaunti ya kustaafu ambayo mchango wake ulishatozwa kodi ya mapato. Kodi kwa kawaida haina, ikiwa imetimiza miaka mitano tangu mchango wa kwanza. Ukomo wa miaka 10 uko palepale.

“Mkubwa azitoe, kisha tugawane”

Kikao cha ukoo kinapenda suluhisho hili, nami naliona ni la kumwonea huyo mkubwa. Aliyeandikwa na marehemu kwenye fomu ya warithi ya akaunti ndiye mwenye fedha, hata wosia ukisema vingine, na ndiye anayetozwa kodi ya zote, hata akigawa robo tatu kwa wadogo zake. Anaweza kukataa sehemu yake kwa maandishi ndani ya miezi tisa tangu kifo, kabla hajaigusa, ila hachagui nani aipate: inakwenda kwa anayefuata kwenye fomu au kwa mujibu wa mkataba wa akaunti.

“Mimi niko Nairobi, IRS hawanihusu”

Mrithi asiye raia wala mkazi wa Marekani hukatwa asilimia 30 papo hapo, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi ya mapato unaompa nafuu. Kenya na Tanzania hazina mkataba huo. Atajaza fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba si raia wala mkazi wa Marekani, na akitaka kupeleka ritani ili kudai alichokatwa zaidi, atahitaji namba ya mlipakodi, ITIN, inayoombwa kwa fomu W-7.