Je, wajua kwa nini Houston haijawahi kuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani?

Kuna rekodi katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani ambayo hakuna timu inayoitamani. Timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Houston, jimboni Texas, imefika nne bora ya mashindano ya taifa mara 7: mwaka 1967, 1968, 1982, 1983, 1984, 2021 na 2025. Katika hizo, fainali imecheza 3. Kombe haijalibeba hata mara moja, na hadi kufikia 2025 hakuna chuo kingine kilichofika nne bora mara nyingi hivyo kikarudi nyumbani mikono mitupu kila safari.

Si kwamba vipaji vilikosekana. Elvin Hayes, Clyde Drexler na Hakeem Olajuwon wote walivaa jezi nyekundu ya Houston, na mwaka 1996 ligi ya kulipwa ya NBA ilipotaja wachezaji wake 50 bora wa miaka 50, wote watatu walikuwemo. Sasa, timu yenye watu wa namna hiyo inashindwaje kupata hata kombe moja?

Mjini Houston wapo wanaosema ni mkosi. Mimi mkosi siuoni. Ninachoona ni mfumo wa mashindano usiosamehe, wapinzani wakubwa waliotokea wakati mbaya, na jambo ambalo watu hulidharau: mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, atupe bila kuzuiwa.

Tuanze na mfumo. Mashindano hayo ya taifa, yanayoitwa ya NCAA kwa jina la chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, huchezwa kila mwaka kuanzia Machi, na siku hizi huanza na timu 68. Ni mtoano mtupu. Hakuna mechi ya marudiano, hakuna makundi, hakuna kuhesabu pointi za msimamo. Ukifungwa leo, kesho unapanda ndege. Watanzania wengi waliyafuatilia mashindano haya mwaka 2009, pale Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alipofika nne bora na Chuo Kikuu cha Connecticut. Wakafungwa na Michigan State kwenye nusu fainali, na safari ikaishia hapo. Ili kuwa bingwa lazima ushinde mechi 6 mfululizo dhidi ya timu zinazozidi kuwa ngumu, na usiku mmoja mbaya unatosha kufuta kazi ya msimu mzima.

Houston iliyajua hayo mapema. Kocha Guy Lewis aliichukua timu mwaka 1956 na kuiongoza miaka 30. Alikaa benchi akiwa na taulo la madoadoa mekundu na meupe mkononi, akilikamua na kulitafuna mechi ikibana. Mwaka 1964 aliwaleta Elvin Hayes na Don Chaney, wachezaji weusi wa kwanza wa mpira wa kikapu katika chuo hicho, wakati ambapo vyuo vingi vya kusini mwa Marekani bado vilikuwa vimewafungia milango. Hilo peke yake linatosha kumweka Lewis kwenye historia.

Tatizo la Hayes na wenzake lilikuwa na jina: UCLA. Chuo hicho cha Los Angeles, chini ya kocha John Wooden, kilitwaa ubingwa mara 10 katika miaka 12, kuanzia 1964 hadi 1975. Kati ya hizo, 7 zilifuatana. Mwaka 1967 Houston ilikutana nao nusu fainali ikafungwa 73 kwa 58.

Januari 20, 1968 wakakutana tena, safari hii katika mechi ya msimu wa kawaida ndani ya Astrodome, uwanja wa besiboli wenye paa mjini Houston. Sakafu ya mbao iliwekwa katikati kabisa ya uwanja ule, mbali na viti, na watu 52,693 wakaja kutazama. UCLA ilikuwa imeshinda mechi 47 mfululizo. Lew Alcindor, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Kareem Abdul-Jabbar, alicheza akiwa ametoka kuumia jicho. Hayes alifunga pointi 39. Matokeo yakiwa 69 kwa 69 na sekunde 28 zimebaki, Hayes alipewa mitupo huru miwili, akaingiza yote. Houston 71, UCLA 69. Mechi ile ilionyeshwa kwa taifa zima jioni, na ndiyo iliyowafungua macho wenye televisheni kwamba mpira wa kikapu wa vyuo una soko.

Ila ushindi wa Januari hauleti kombe. Miezi miwili baadaye Houston ilifika nusu fainali ikiwa haijafungwa hata mechi moja msimu ule, ikakutana na UCLA ileile, safari hii Los Angeles. Wooden alimwekea Hayes mlinzi wa peke yake huku wengine wanne wakilinda maeneo. Mtu aliyekuwa akifunga wastani wa pointi zaidi ya 36 akaishia na 10. Matokeo: 101 kwa 69. Hapo hakuna la kusingizia, Houston ilikutana na timu bora kuliko zote za zama zile.

Mwaka 1982 nao nitaupitia haraka. Houston ilifungwa nusu fainali 68 kwa 63 na North Carolina, timu iliyokuwa na kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan, na ambayo ndiyo iliyobeba kombe.

Mwaka 1983 ndio unaoumiza.

Hakeem Olajuwon alikuwa amefika kutoka Lagos mwaka 1980. Alikuwa amekulia kwenye mpira wa miguu na mpira wa mikono, na kikapu alikuwa amekigusa muda mfupi tu. Ukimtazama miguu yake katika picha za zamani unaelewa: anageuka kama mtu aliyezoea kukwepa, siyo kama jitu la chini ya goli. Kufikia 1983 yeye, Drexler, Michael Young na Larry Micheaux walikuwa wakipiga danki, yaani kuruka na kuupigilia mpira golini kwa mkono kutoka juu, kwa wingi kiasi kwamba gazeti moja la mjini liliwabatiza Phi Slama Jama, jina la kuiga majina ya vyama vya wanafunzi. Lewis alizipenda danki na kuzihimiza, akisema ndio mtupo usiokosa.

Waliingia fainali wakiwa wameshinda mechi 26 mfululizo. Nusu fainali walikuwa wameichapa Louisville 94 kwa 81, mechi iliyotazamwa na wengi kama fainali yenyewe. Mpinzani wao Aprili 4 mjini Albuquerque alikuwa North Carolina State ya kocha Jim Valvano, timu iliyokuwa imepoteza mechi 10 msimu ule.

Hapa lazima nieleze kanuni mbili, maana bila hizo usiku ule haueleweki. Ya kwanza: mwaka 1983 mashindano hayo hayakuwa na saa ya kushambulia. Timu ingeweza kushika mpira na kupasiana muda wote inaotaka bila kulazimika kutupa. Saa hiyo iliwekwa rasmi kwa vyuo vyote msimu wa 1985/86, ikianza na sekunde 45. Ya pili: timu pinzani ikishafanya faulo za kutosha katika kipindi, mchezaji aliyefanyiwa faulo hupewa mtupo huru mmoja kwanza. Akiingiza, anapewa wa pili. Akikosa, mpira unagombewa palepale na ule wa pili haupo tena. Kwa hiyo kumfanyia faulo mtupaji mbovu inakuwa mbinu halali kabisa ya kurudi mchezoni.

Valvano alikuwa ameitumia mbinu hiyo tangu mechi za mwanzo. Na Houston, pamoja na ufundi wake wote, haikuwa hodari kwenye mstari wa mitupo huru.

Kipindi cha kwanza Drexler alikusanya faulo 4, moja tu kabla ya kutolewa, na NC State wakaenda mapumziko wakiongoza 33 kwa 25. Kipindi cha pili Houston ikaamka: ikafunga pointi 17 wao wakipata 2, ikawa 42 kwa 35. Timu ya kukimbia ilikuwa imepata mbio zake. Ndipo Lewis akaamua kupunguza kasi, washike mpira na kula muda.

Nimeutafakari uamuzi huo mara nyingi na bado naona ulikuwa kosa, ingawa kwa kanuni za wakati ule ulikuwa na mantiki na makocha wengi wangefanya vilevile. Kupunguza kasi kuliwanyima Houston kitu walichokiweza kuliko yeyote, na kukawapeleka kwenye kile wasichokiweza. NC State walianza kuwafanyia faulo. Mitupo ikagonga chuma. Usiku ule Houston iliingiza mitupo huru 10 kati ya 19.

NC State wakasawazisha, 52 kwa 52. Ikiwa imebaki dakika moja na kidogo, Alvin Franklin, kijana wa mwaka wa kwanza, akafanyiwa faulo. Akakosa mtupo wa kwanza, wa pili ukafutika. NC State wakaushika mpira wasubiri mtupo wa mwisho. Walinzi wa Houston waliwabana hadi Benny Anders akaugusa mpira kwa vidole, nusura aupore. Dereck Whittenburg akauokota mbali, karibu mita 9 kutoka golini, akautupa kwa kukata tamaa. Ulikuwa mfupi. Haukugusa hata chuma. Lorenzo Charles, aliyekuwa amesimama chini ya goli, akaudaka hewani na kuusukumia ndani kwa danki. 54 kwa 52. Timu ya danki ilikuwa imefungwa kwa danki.

Olajuwon alimaliza na pointi 20, akadaka mipira 18 iliyokoswa, na kutangazwa mchezaji bora wa mashindano ingawa timu yake ilikuwa imepoteza. Kwa wanaume, hakuna mwingine aliyepata tuzo hiyo akiwa upande ulioshindwa tangu siku ile.

Mwaka uliofuata walirudi fainali, bila Drexler aliyekuwa amekwenda NBA, wakafungwa 84 kwa 75 na Georgetown ya Patrick Ewing. Kocha wa Georgetown, John Thompson, akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo.

Sasa angalia kilichotokea baadaye, maana ndicho kinachonifanya niamini kwamba mfumo una sehemu kubwa ya jibu. Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 1984, Olajuwon alichaguliwa wa kwanza na Houston Rockets, timu ya kulipwa ya mji uleule. Mwaka 1994 Rockets walikutana fainali na New York Knicks ya Ewing yuleyule. Kule fainali huchezwa hadi mtu ashinde mechi 4. Rockets waliwahi kuwa nyuma kwa mechi 3 dhidi ya 2, wakageuza, wakawa mabingwa. Mwaka 1995 Drexler akajiunga nao katikati ya msimu. Dhidi ya Phoenix walikuwa nyuma 3 kwa 1, wakageuza tena, na hatimaye wakaifunga Orlando 4 kwa 0 kwenye fainali. Watu walewale, mji uleule. Kwa mtoano wa vyuo, wangetolewa mara zote mbili.

Chuo chenyewe, baada ya 1984, kilizama. Hata Drexler alirudi kukifundisha kuanzia 1998 hadi 2000 bila mafanikio. Houston haikushinda mechi yoyote ya mashindano ya taifa hadi 2018, miaka 34 nzima. Aliyeifufua ni Kelvin Sampson, aliyepewa timu mwaka 2014 na kuijenga kinyume kabisa na ile ya Lewis: ulinzi kwanza, kugombea kila mpira unaodunda, na mchezo wa taratibu kwa makusudi. Mwaka 2018 ikashinda mechi yake ya kwanza, kisha ikatolewa na Michigan 64 kwa 63 kwa mtupo wa pointi 3 wa Jordan Poole wakati saa ikiisha. Mwaka 2021 ikafika nne bora, ikachapwa na Baylor 78 kwa 59.

Aprili 7, 2025 mjini San Antonio ikacheza fainali ya tatu, dhidi ya Florida. Iliongoza kwa pointi 12 kipindi cha pili. Ulinzi wake ulimzuia nyota wa Florida, Walter Clayton Jr., asipate pointi hata moja kipindi cha kwanza. Florida wakarudi kidogo kidogo, wakawa mbele 65 kwa 63. Shambulizi la mwisho lilikuwa la Houston. Emanuel Sharp aliruka atupe pointi 3, Clayton akamrukia usoni, na Sharp, akijua akitua na mpira ni kosa la kutembea, akauachia udunde chini. Asingeweza kuugusa tena kabla ya mwingine. Saa ikaisha mpira ukiwa sakafuni, bila mtupo kupigwa.

Wengi waliliita jambo hilo mkosi wa 1983 uliorudi. Lakini siku mbili kabla, kwenye nusu fainali, Duke walikuwa mbele kwa pointi 6 ikiwa zimebaki sekunde 35 hivi. Sharp akafunga pointi 3. Duke wakapoteza mpira, Joseph Tugler akapiga danki, ikawa 67 kwa 66. Kisha Houston wakamfanyia faulo Tyrese Proctor wa Duke, kwa kanuni ileile ya mtupo wa kwanza kwanza. Proctor akakosa. Katika kugombea mpira Cooper Flagg akafanya faulo, na J'Wan Roberts wa Houston akaenda kwenye mstari ikiwa imebaki chini ya nusu dakika. Akaingiza yote miwili, 68 kwa 67, na Houston haikuachia uongozi tena hadi kipyenga cha mwisho.