Fresko ni lipu mbichi

Mwezi uliopita, katika uzinduzi wa mkahawa mmoja huku Mikocheni, mshereheshaji alituomba tugeuke tuitazame "fresko" iliyojaza ukuta mzima nyuma ya kaunta: majahazi, minazi, na soko la samaki la Feri alfajiri. Ni kazi nzuri, na mchoraji aliyastahili makofi aliyopigiwa. Hata hivyo, ilikuwa mara ya nne au ya tano mwaka huu kusikia picha yoyote kubwa ya ukutani ikiitwa fresko, na safari hii nimeona niandike.

Fresko ni picha inayochorwa kwa rangi ya unga iliyokorogwa na maji, bila gundi, juu ya lipu ya chokaa ambayo haijakauka.

Neno ni la Kiitaliano, na maana yake ni hali ya kitu kuwa kibichi. Wachoraji wa huko walisema a fresco, yaani kuchora juu ya kibichi, na hadi leo wao huiita picha ya namna hiyo affresco. Sisi hatuhitaji kamusi kulielewa jambo hili, kwa sababu fundi yeyote wa Dar es Salaam, akikuona unataka kuegemea ukuta alioupiga lipu asubuhi, atakukataza akisema lipu bado mbichi. Ubichi anaoutaja fundi ndio huohuo uliomo katika jina fresko. Jina hilo halisemi lolote kuhusu ukubwa wa picha, wala uzuri wake, wala hata ukuta. Linataja hali ya lipu saa ile brashi inapoigusa.

Wazee wa pwani hii, waliochoma matumbawe juu ya lundo la magogo ili wapate chokaa ya kujengea, wangeelewa mara moja kwa nini hali hiyo ina uzito. Jiwe likishachomwa na kumwagiwa maji huwa chokaa laini, na chokaa hiyo ikishapakwa ukutani huvuta kaboni dayoksaidi iliyomo hewani, ikarudi polepole kuwa jiwe. Rangi iliyowahi kupakwa chokaa ingali mbichi hunaswa humo jiwe linapojiunda, na tangu hapo haikai juu ya ukuta, kwa kuwa imekuwa ukuta. Nafasi ya kuiwahi ni ya saa chache tu, ndiyo maana Waitaliano walipiga lipu kipande kinachotosha kazi ya siku moja, wakakiita giornata, na sehemu ambayo jioni iliikuta haijachorwa waliikwangua.

Michelangelo alichora kwa njia hiyo dari ya kanisa dogo la Sistine huko Vatikani, kuanzia 1508 hadi 1512. Ni dari, wala si ukuta, na ni fresko. Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyoko Milan, imo ukutani kweli, katika ukumbi wa chakula wa watawa, lakini si fresko. Leonardo alipenda kwenda taratibu na kurudia alipokwisha kuchora, jambo ambalo lipu mbichi haimruhusu mtu, basi akachora juu ya ukuta mkavu kwa rangi za yai na mafuta. Aliimaliza yapata 1498, na ilianza kuharibika yeye mwenyewe angali hai.

Kijana niliyeketi naye meza moja aliniuliza, "Lakini mwalimu, si amechora kwa rangi ya maji?" Swali lake ni la haki. Rangi ya maji ya madukani kwetu huitwa hivyo ili itofautishwe na rangi ya mafuta. Ndani yake mna gundi, na maji yakishakauka gundi hiyo hubaki ukutani kama ngozi nyembamba. Pale mkahawani, karibu na sakafu, unyevu umeshaanza kupanda na ngozi hiyo imetoa malengelenge. Niliokota kipande kilichokwisha kuanguka, cha bluu ya bahari, kimejikunja kama gamba la kitunguu, na pale kilipotoka palionekana saruji ya kijivu, kavu, isiyo na hata alama ya rangi. Fresko ikiharibika huanguka pamoja na lipu yake au husagika kuwa unga. Ngozi ya kubanduka haina.

Nakubali kwamba kitenzi chetu kuchora kinabeba mengi, kalamu, brashi na hata patasi ya fundi wa milango, na pengine ndiyo sababu watu hutafuta jina la kigeni ili kuipa heshima kazi kubwa. Ila mchoraji mwenyewe, nilipomfuata kumpongeza, aliniambia kwamba amechora ukutani kwa rangi ya maji. Maneno yake ni sahihi kabisa, na ningeomba kibao kitakachowekwa chini ya picha ile kiandikwe hivyohivyo: mchoro wa ukutani, rangi ya maji, pamoja na jina lake.